Wadudu Weusi wa Jirani Yangu

Tulikaa mtaa wa Katindo, si mbali na kambi ya askari. Nyuma ya nyumba nilikuwa nimejenga kibanda cha nailoni nyeupe juu ya fito za mianzi, nikaotesha nyanya ndani yake. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nilijivunia kile kibanda kuliko diploma yangu. Kisha vidukari wakaingia: wadudu wadogo wa kijani, wamejazana chini ya majani wakinyonya, majani yakajikunja. Dawa ya dukani mke wangu aliikataa, maana mtoto wetu alizoea kuchuma nyanya na kuzila bila kuosha. Tukanyunyiza maji ya sabuni, tukamwaga majivu. Wakipungua leo, kesho wamerudi.

Jirani yetu, mama mjane mwenye asili ya Maniema, aliishi kwa kuuza maandazi mlangoni pake. Asubuhi moja nilimkuta kibandani kwangu, ameinama, anakung'uta jani la maharage juu ya nyanya. Wadudu weusi wenye miiba mgongoni, wabaya wa sura, wakatawanyika.

"Mama, unaniletea bilulu mu bustani yangu?"

"Tulia, papa. Hii inakula ile. Uache tu siku kidogo..."

Sikumwacha amalize. Nilimshika mkono, nikamtoa hadi barabarani, mbele ya wanawake waliokuwa wakichota maji, nikapaza sauti: "Mumuangalie! Mulozi! Analoga bustani yangu!"

Hasira hasara, husema watu, ila hasara ile haikuwa yangu. Neno la mwalimu lilisadikiwa. Kufikia Jumapili hakuna aliyenunua andazi lake hata moja. Watoto, wengine wanafunzi wangu, walivuka upande wa pili walipomwona.

Siku ya tatu nilichuchumaa kibandani nikatazama. Wale weusi walikwenda jani kwa jani wakitafuna vidukari kama wageni wa arusi. Baadaye wakageuka wadudu wekundu wa mviringo wenye madoadoa, wale wale niliowachora ubaoni mwaka hata mwaka, nikiwaambia watoto kwamba ni rafiki wa mkulima. Sikuwahi kujua watoto wao wanafananaje. Niliona aibu hadi mwili ukaniwasha, lakini nikanyamaza. Nilikuwa mwoga, sina jina jingine la kujipa. Nilijiambia watu watasahau. Nyanya zikaiva, tukala.

Mwishowe, alasiri moja, nilipitia uani nikaingia kwake na kikapu cha nyanya. Karai la mafuta lilikuwa limefunikwa, jiko limepoa. Nikapiga magoti.

"Mama, unisamehe. Nilikosa."

Aliziangalia zile nyanya, hakuzigusa.

"Ulinitukana mu barabara," akasema polepole. "Pardon unaniletea mu nyumba?"

Nikainuka, nikatoka kwa mlango wa mbele. Barabara ilikuwa na watu wengi saa ile, karibu wote wakinifahamu, na baadhi wakasimama wakingoja kusikia mwalimu alifuata nini mle ndani. Niliwasalimia, nikapita.