Magloire na nyama ya kugeuza mgongo

Kwa kukata nyama, Magloire wa Bukavu hana mwenzake Walthamstow nzima, mtaa wa London. Ukitaka uthibitisho muulize mwenyewe, ila uwe umeshakula, maana hamalizi leo. Miaka minne tajiri wake, Gires, alimweka chumba cha baridi nyuma ya duka, apasue mbavu peke yake bila mtu wa kumsimulia. Kwa mdomo ule, hiyo ni jela. Hatimaye Gires akampa sharti: mpate Stéphanie, mwenye mgahawa kule Stratford, achukue nyama kwetu kila wiki, nawe utahamia kaunta.

Stéphanie, binti wa Kikongo mzaliwa wa London, alikuja tena Jumanne na daftari. Alitaka tournedos, vile vipande vya mviringo vya sarara vinavyofungwa uzi, na alitaka kuwaandikia wateja kwenye menyu jina hilo limetoka wapi.

"Umefika kwenyewe, mwanangu," Magloire akasema. "Ni Kifaransa, 'geuza mgongo'. Inaiva upesi, mpishi akigeuka kuchukua chumvi, tayari."

Stéphanie, aliyezoea kumwita tonton, yaani mjomba, akafunua ukurasa wa nyuma. "Wiki jana, tonton, ulisema watumishi waliipitisha nyuma ya migongo ya wageni."

"Hiyo ilikuwa wiki jana."

"Na mama ulimwambia kanisani ni vibanda vya soko la Paris, vilivyoupa umati mgongo."

Gires akakohoa. Sasa, kwao Magloire mtu mzima akiulizwa hasemi "sijui". Ni sawa na kumwacha mgeni aondoke bila hata maji. Babu yake, eti mpishi wa Wabelgiji, alikufa hajalitamka. Lakini mlango wa chumba cha baridi ulikuwa wazi, unampulizia kisogoni.

"Kugeuza mgongo, hapo sidanganyi," akasema polepole. "Nani aligeuka, na kwa nini, sijui. Yote matatu niliyasikia tu."

"Hata vitabu havijui, nimesoma." Stéphanie akafunga daftari. "Niliogopa, tonton. Mtu asiyeweza kusema hajui, nikimuuliza ng'ombe kachinjwa lini ataniambia nini? Niletee vipande arobaini, kila Alhamisi."

Siku hizi yuko kaunta, na aproni mpya. Juzi Mwende, nesi wa Kikenya, aliulizia figo. Alitoka baada ya nusu saa, bila figo, ila akijua kwamba London nzima hakuna asemaye "sijui" kwa ufasaha kama Magloire.