Mama Alitengewa Mahali pa Kula Italia, Akadhani Ameheshimiwa

Admin, nifichie jina, na ikiwezekana ufiche hata herufi za mwanzo, maana watu wa kwetu ni wepesi kuunganisha mambo.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, Mwarusha, naishi Kijenge na mke na watoto wawili. Kazi yangu ni kuongoza watalii, na kwa sababu wageni wangu wengi ni Waitaliano, Kiitaliano nakiongea vizuri tu. Naandika nikiwa na hasira ambazo hazijapoa tangu mwaka jana, kwa hiyo nikiteleza adabu mnivumilie.

Nina mdogo wangu wa kike ameolewa na Mwitaliano. Wanaishi kwenye mji wa pwani, ile miji ambayo watu wanajaa likizo kuogelea na kula samaki. Alipojifungua akamwita mama aende kumsaidia kulea. Mama yetu ni mjane, analima viazi Oldonyo Sambu, na sisi wote tumesoma kwa hivyo viazi. Alikuwa hajawahi kupanda ndege. Usharika mzima ulimwombea safari.

Mama akiwa huko, ofisi ikanituma Italia kwenye maonyesho ya utalii, nikaomba ruhusa nipitie kuwaona. Nikakuta ni Jumapili ya ubatizo wa mtoto. Tulipotoka kanisani, wakwe wa mdogo wangu wakatupeleka kula kwenye mgahawa wa ufukweni, meza zimepangwa mpaka kwenye mchanga.

Sasa, kwetu mama hali chakula mbele ya mume wa binti yake. Ni heshima kubwa, kwake na kwa mkwe. Hata pale nyumbani kwa mdogo wangu mama alikuwa anakula jikoni siku zote. Kwa hiyo lilipokuja sinia la tambi zilizochanganywa na kome, wale wadudu wa baharini wenye magamba meusi, mama alinyanyua kiti chake taratibu, akasogea pembeni, akampa mkwe mgongo. Mimi nilielewa. Mdogo wangu alielewa. Wazungu wakabaki wanatazamana.

Mama mkwe wa mdogo wangu, mama wa watu mwenye roho nzuri tu, akauliza, "Mbona anakaa peke yake? Tumemuudhi?"

Jibu lilikuwa rahisi. Ni mila yetu, anamheshimu mkwe wake, basi. Mdogo wangu akajibu kwa Kiitaliano, macho makavu kabisa: "Msijali. Huyu ni mama wa kazi aliyenilea baada ya mama yangu kufariki. Hajazoea kukaa meza moja na sisi."

Nikamgeukia. Akanikanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu, maana alijua fika kwamba nimesikia na nimeelewa. Baba mkwe akatikisa kichwa kwa huruma, akamwita mhudumu: "Mpeni chakula kule ndani na wafanyakazi wenzake, atakuwa huru zaidi." Mhudumu akamshika mama mkono, akamwongoza kwenda nyuma karibu na jiko.

Mtaniuliza nilinyamaza kwa nini. Mama alipopita karibu yangu aliniinamia, anatabasamu, akaniambia kwa lugha yetu, "Mwanangu, hawa watu wana adabu kuliko tulivyodhani. Wameona sili mbele ya mkwe, wamenitafutia mahali pangu." Ningefungua mdomo pale, wa kuaibika angekuwa mama.

Nilimsubiri huyo binti nje kwenye maegesho. Nilitegemea atalia, ataomba msamaha. Akaniambia, "Kaka, usinilaumu. Nilipokutana na mume wangu nilimwambia mama yangu alikuwa mwalimu mkuu na alishafariki, na mama alipokuja nikamwambia ni mama wa kazi aliyenilea. Sasa nianze kuwaambia amefufuka? Halafu yeye mwenyewe si ndiye aliyesogeza kiti?"

Jamani. Mama mzima, anapumua, anambeba mwanao mgongoni, anakufulia nepi, na wewe unamzika huku unatafuna tambi. Unachukua heshima yake mwenyewe, ile aliyofundishwa na mama yake, unaigeuza ushahidi kwamba ni mtumwa wako. Namshukuru Mungu siku ile hapakuwa na fimbo karibu. Mpaka leo nikiona jina lake kwenye simu naigeuza kifudifudi.

Mama alirudi Oldonyo Sambu na hadithi moja tu. Amewasimulia kina mama wa usharika, amewasimulia majirani, hata fundi aliyekuja kurekebisha paa amesimuliwa: wazungu walivyomtengea mahali pa kula kwa kumheshimu. Anasimulia amekaa wima, anafurahi, na mimi nipo pembeni naitikia "ndiyo mama" huku najichukia.

Mngesema basi, yamepita, niyaache. Hayajapita. Wale wakwe wanakuja Arusha mwezi ujao na mdogo wangu yupo nao. Amenitumia ujumbe kwamba amepanga nyumba mjini, anataka mama ashuke kuja kupika na kuhudumia, na mimi niwe mkalimani, "ila angalia mama asiongee nao sana." Ameandika hivyo bila hata salamu. Mama yeye anajua wanakuja kumtembelea yeye. Amepaka nyumba rangi, kondoo wa kuchinja ameshamtenga, na ameshona gauni jipya.

Nikimwambia ukweli, namuua. Nikinyamaza, atasimama mbele ya wageni wake na sinia mkononi, na watamwona mtumishi.

Jana nilipanda kumpelekea unga. Akanikalisha, akaniomba nimfundishe maneno machache ya Kiitaliano ili awasalimie wakwe zake mwenyewe. Nikamuuliza anataka aseme nini. Akasema anataka neno moja tu, alishike vizuri asije akakosea mbele za watu: "Mimi ndiye mama yake mzazi."

Ndugu zangu, nimfundishe?