Firigisi ya Khalayi

Khalayi alianza kushona kwa cherehani ya kuazima, kwenye baraza ya duka moja sokoni Kakamega. Mumewe alikuwa amemrudisha kwao Lurambi kwa kukosa mtoto. Huko hakupewa shamba, maana binti harithi, alipewa pole. Akashona sare za shule, shule moja ikaiambia nyingine, na kufikia mwaka wa tisini na nne alikuwa na duka lake, mafundi wake, na viatu vilivyolia akitembea.

Akamjengea mama yake nyumba ya matofali. Siku ya Pasaka ukoo ulikuja kuifungua, kuku akachinjwa. Kwao, mwanamke hali firigisi. Ni ya mwenye boma, na tangu baba yao afariki mlaji alikuwa Sylvanus, kaka mkubwa, mkata miwa. Lakini siku hiyo mzee Wanyama, baba yao mdogo, alimaliza kusali, akatazama mabati, akatazama sahani, kisha akaiweka firigisi mbele ya Khalayi.

“Baba,” Sylvanus akasema, “huyu ni mwanamke.”

“Najua. Nilikuwepo alipozaliwa.” Mzee akamega ugali. “Lakini kuku ni wake na paa ni lake. Chako hapa ni kipi?”

Sylvanus alifikiri. “Basi ale. Ila ile kesi ya mpaka na jirani pia ni yake.”

Khalayi akaila. Ilikuwa ngumu kidogo.

Tangu hapo akawa mwanamume, isipokuwa mavazi. Aliitwa kwenye vikao vya mahari na vya matanga, na kesi ya mpaka ikamlaza macho. Sylvanus, ambaye watu walidhani angekonda kwa aibu, alinenepa. Khalayi alipomsihi arudie nafasi yake, alikataa kwa upole.

“Dada, mwaka huu mimi nimelala vizuri.”

Hayo aliyaweza. Kilichomshinda ni jikoni. Kila alipoingia, Alice, mke wa Sylvanus, alikimbia kumletea kiti na kumwomba akae sebuleni asije akachafuka. Zamani Alice alimwita mulamwa, yaani wifi. Sasa alimwita madamu. Na akishatoka, vicheko vilianza upya nyuma yake.

Krismasi, wanaume wakiwa wanamngojea kikaoni, Khalayi alivua viatu mlangoni mwa jiko, akaketi juu ya gunia kando ya Alice, akavuta majani ya kunde na kuanza kuchambua. Wanawake wakanyamaza.

“Madamu,” Alice akasema baadaye, “unaacha vijiti.”

“Nifundishe, basi.”

“Si ni wewe ulinifundisha, nilipoolewa hapa.”

Khalayi akaanza kutoa vijiti. Polepole mazungumzo yakarudi, ingawa si yale waliyokuwa nayo kabla hajaingia. Nje mzee Wanyama akaita jina lake, akaita tena, kisha kikao kikaanza bila yeye.