Kumwona Bakari Kabla ya Kusaini Mkataba

Nilikwenda kisiwani Songo Mnara kwa sababu klabu moja ya raga ya Ulaya ilikuwa imeniita, na mtu pekee niliyemfahamu aliyewahi kuishi kwa kazi hiyo alikuwa Bakari. Sote wawili ni mapropu, wale wanene wa mstari wa mbele. Timu mbili zinapoinamisha vichwa na kusukumana kwenye skramu, uzito wote hutua shingoni kwetu. Bakari ndiye aliyenifundisha kazi hiyo Dar es Salaam kabla hajaondoka. Alicheza Ulaya miaka mingi, kisha akarudi kwao kimya kimya, na simu zangu akawa hapokei.

Alfajiri niliondoka Mbagala kwa basi la Lindi. Nangurukuru nikashuka kutafuta bodaboda ya kunifikisha Kilwa Masoko. Dereva alinitazama mwili, akaenda kwanza kujaza upepo tairi la nyuma.

Asubuhi iliyofuata nilivuka kwa boti ya injini pamoja na wanawake waliotoka sokoni. Nilipomtaja Bakari, mmoja akasema tu, "Dada yake yupo. Mwulize yeye."

Dada huyo, Bi Zuhura, alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wewe ni wa huko kwenye mipira yao?"

"Ndiyo."

"Karibu. Akikuita jina lisilo lako, itika tu."

Bakari alikuwa ameketi mkekani, amenyoosha miguu. Hakugeuza shingo, aligeuka mwili mzima, kama mtu aliyejitwika ndoo. Akaniita Selemani. Bi Zuhura akaninong'oneza kwamba Selemani alikuwa kaka yao, na alishafariki.

Tulikula wali kwa pweza. Nikamwambia Bakari kwamba naitwa Ulaya kucheza propu. Hapo macho yake yakatulia. Akanishika kisogoni kwa mkono wake mzito, akaminya taratibu, upande mmoja, kisha wa pili.

"Bado nzima," akasema. "Siku niliyogongwa kichwa nikaona giza, walinipumzisha kidogo, wakataka kujua kama naweza kurudi uwanjani. Nikawaambia naweza." Akaniachia kisogo. "Wewe utawaambiaje?"

Baada ya sala ya alasiri aliniuliza mimi ni nani na nimeingiaje humo ndani.

Wakati wa kuaga nilimwuliza Bi Zuhura kama niende Ulaya.

"Usiniulize mimi, mdogo wangu. Nyumba hii kaijenga kwa shingo ile. Sasa kila asubuhi namwonyesha choo kilipo."

Nikiwa Nangurukuru nasubiri basi la kurudi, wakala wa klabu alinipigia. Nikamwambia siendi. Hakukasirika, aliuliza tu katika timu yetu propu mwenzangu wa upande wa pili wa skramu ni nani. Nikakata simu.

Dar es Salaam nilikuta wakala ameshampata huyo mwenzangu. Ni Joshua, tuliyecheza naye kikosi kimoja, mdogo kwangu na mwenye nguvu kunishinda. Nilimsimulia yote: ile shingo, jina la marehemu, choo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na nikajua kwamba amenisikia lakini hakuona nilichokiona mimi. Nilipomaliza, aliniuliza kama makoti mazito ya baridi yanapatikana Kariakoo.

Kesho yake nilimsindikiza kununua.