Profesa Aliyemkata Mkewe Vipande Viwili

Shemeji yangu anaitwa Profesa. Profesa wa nini, hata ukimbana hasemi. Shule aliiachia njiani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwavalisha watu viatu dukani, na huko ndiko alikojifunza kuficha sarafu kiganjani huku mteja akitazama vidole vyake vya miguu. Wenzake dukani wakamtazama, wakampigia makofi, kichwa kikamvimba, akaacha kazi. Siku alipokuja kumposa mdogo wangu alitoa yai nyuma ya sikio la baba yetu. Baba alicheka mpaka akapaliwa, na akampa binti. Mimi sikucheka. Lile yai nilishaliona kwenye mkono wa shati tangu alipoingia mlangoni, maana mimi ni fundi cherehani, na mkono wa shati haujawahi kunidanganya.

Basi tangu hapo anakula kwa mazingaombwe. Ukisikia hivyo utadhani ni mtu wa ajabu sana. Hebu njoo asubuhi umwone! Yuko ukingoni mwa kitanda na soksi moja, anamwuliza mkewe nyingine iko wapi, mtu aliyetoa njiwa hewani jana yake. Leso za rangi zimeanikwa bafuni, huwezi kunawa uso bila kupigwa na leso. Njiwa wenyewe wako jikoni, ndani ya kapu juu ya kabati la vyombo, na chochote unachofikiria kuhusu njiwa na vyombo ni kweli. Na Profesa akishapata soksi husimama mbele ya kioo kufanya mazoezi ya kutabasamu. Simsingizii. Anatabasamu, anakunja uso, anatabasamu tena kwa upande mwingine, mtu mzima na ndevu zake.

Wanamwita kwenye harusi, kwenye sherehe za shule, duka jipya likifunguliwa. Harusini humweka kati ya keki na hotuba ya mjomba, na mara nyingi mjomba ndiye anayechekesha zaidi. Kwa kadi na leso peke yake angekufa njaa. Kilichomlisha ni sanduku.

Sanduku lilikaa sebuleni, limefunikwa kitambaa, na wageni waliweka vikombe juu yake wakidhani ni kabati. Mchezo wenyewe ulikuwa hivi: mdogo wangu analala ndani, kichwa kinatokeza huku, miguu kule. Profesa anachukua msumeno, anakata katikati, anazitenganisha nusu mbili, na miguu bado inachezacheza. Watu wanapiga mayowe, wengine wanafunika macho. Jinsi ilivyofanyika naweza kusema sasa. Ile miguu ilikuwa viatu vilivyovutwa kwa kamba. Mdogo wangu mzima mzima alikuwa amejikunja kwenye ile nusu ya kichwa, magoti kidevuni, kiuno kimepinda, mahali ambapo mimi nisingeweza kuingiza hata cherehani yangu. Na huyo bwana nje hana haraka! Anazunguka jukwaa, anafuta jasho, anatania wamama wa mstari wa mbele. Kadiri walivyopiga makofi ndivyo alivyozidi kuzunguka.

Akimaliza, mdogo wangu anatoka akiwa mzima, anasogea nyuma, na Profesa anainama mbele ya watu peke yake. Siku moja nikamwuliza mbona hamshiki mkono mkewe ili naye ainame.

"Ndiyo desturi ya kazi, shemeji," akaniambia kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Wakimpigia makofi yeye, watajua kuna kitu anafanya."

Sikia hiyo! Mke ajifanye mzigo ili mume aonekane fundi. Mimi nilijua yote kwa sababu gauni la kazi nililishona mwenyewe, lile lenye sketi ngumu ya kuchomoa, inayobaki kwenye nusu ya pili imejaa hata miguu ikiwa haimo. Profesa aliniapisha nisiseme kwa mtu yeyote, awe jirani, awe ndugu. Siri ya kazi, siri ya kazi, ndio ulikuwa wimbo wake. Nikaapa ili aniondokee nimalizie pindo.

Kisha mdogo wangu akaanza kuumwa nyonga. Mwanzo alisema ni kulala vibaya. Baadaye nikamwona anashuka ngazi upande upande, na akitaka kuvuka kizingiti cha bafu ananyanyua mguu kwa mikono miwili kama si wake. Nikimwuliza anacheka. Nikimwuliza Profesa, ananijibu eti ni baridi. Baridi gani ya kuchagua nyonga moja?

Lakini Profesa hakuwa na muda wa nyonga ya mtu. Meneja wa hoteli moja kubwa alikuwa ameona mchezo wa sanduku harusini, akautaka kwake kila Jumamosi, kwa mkataba wa mwaka mzima. Kwanza waje wamwonyeshe mara moja, Jumamosi ile ile inayokuja, ndipo atie sahihi. Profesa akaanza kutembea kama mkataba uko mfukoni. Mdogo wangu, naye, ilipofika Jumatano hakuweza kuinuka kwenye kiti bila kushika meza. Nikamwambia shemeji yangu kwamba mke wake anakwenda hospitali leo, na kama hataki, atanikata mimi vipande viwili kwanza, tena kwa msumeno wa kweli.

Naye Profesa akaja, huyo. Tena na koti la kazi! Nesi akamtolea kadi ya foleni, Profesa akaigeuza ua la karatasi. Nesi akaomba kadi yake irudi.

Tuliingia wote watatu kwa daktari, mimi nimemshika mdogo wangu mkono. Daktari alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya chini, hana papara. Akambonyeza nyonga, akauliza kama alianguka. Hapana. Anabeba vitu vizito? Hapana.

"Unafanya kazi gani?"

Mdogo wangu akamtazama mumewe. Profesa alikuwa anakagua dari.

"Niko nyumbani tu," mdogo wangu akajibu.

Basi daktari akafanya kama alivyoambiwa. Akaandika vidonge, akasema nyonga imekaza kwa kukosa mazoezi. Kila asubuhi na jioni alale chali, avute goti mpaka kifuani, ajikunje kadiri anavyoweza, na hata ikiuma avumilie. Jamani! Dawa aliyopewa ndiyo ugonjwa wenyewe. Nikamtazama Profesa nikisubiri aseme neno. Yeye na dari yake. Alikuwa radhi mkewe aende nyumbani akajivunje vizuri zaidi, ilimradi siri ya sanduku isitoke.

Mimi nikalipuka. "Daktari, futa hayo! Huyu kujikunja ndiyo kazi yake! Anakunjwa ndani ya sanduku, nusu ya sanduku, huyu bwana anazunguka jukwaani anachekacheka!"

"Shemeji!" Profesa akaruka juu. "Siri ya kazi!"

"Siri ya kazi kwenye nyonga ya nani? Yako?"

Daktari akaweka kalamu chini. Akamgeukia Profesa, akamwuliza kwa utaratibu mkewe anajikunja vipi humo ndani: anaanza na mguu gani, uzito unakaa upande upi, anabaki hivyo kwa muda gani. Profesa akanyoosha koti lake. Akanitazama mimi, akatazama mlango.

"Anaingia tu," akasema. "Mimi nafunga kifuniko."

Hajui! Miaka yote ya ndoa na ya sanduku, mtu hajawahi kuchungulia ndani aone mkewe anakaaje. Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga, nikashindwa kuchagua. Mdogo wangu ndiye aliyeeleza mwenyewe, polepole, macho sakafuni: mguu wa kushoto kwanza, kiuno kinageuka, kulia unafuata juu yake. Daktari akachana karatasi ile. Akasema asijikunje tena, hata mara moja, asipotaka kuvuta mguu maisha yake yote.

Nje Profesa akakaa kwenye benchi na koti lake la kung'aa, akaniambia nimemwaga unga wao. Nikamwambia ungekuwa wake peke yake ningeumwaga zamani. Jioni ile ile alikwenda kumwomba meneja wa hoteli akubali kadi na njiwa. Meneja akamjibu kwamba kadi hata wahudumu wake wanacheza jikoni. Mkataba ukaishia hapo, na aliporudi alipita moja kwa moja chumbani bila kumtazama mtu.

Mimi nilijisikia vizuri, nisiwafiche. Nilikuwa nimemshinda yule mtu baada ya miaka ya kumvumilia, na mdogo wangu nilikuwa nimemtoa sandukuni. Nikapika chai jikoni kwake, nikiwasukuma njiwa wake pembeni, nikamletea kikombe nikingoja asante. Hakukipokea. Alikuwa amesimama kwa sababu kukaa kulimwuma.

"Dada, hujawahi kuniuliza kwa nini naingia mle."

"Nikuulize nini? Si anakulazimisha?"

"Nani anilazimishe? Huyu, ambaye hata soksi haioni?" Akatikisa kichwa. "Lile la kujikunja nililibuni mimi. Yeye alikuwa na sanduku na msumeno, na hakuwa na mchezo. Ukumbi mzima unatazama pale nilipo, na hakuna hata mmoja anayejua niko wapi. Ile ilikuwa kazi yangu, dada. Nilijua mguu unakwisha. Nilitaka Jumamosi hii moja, ya hotelini, mbele ya watu wale wote, kisha niache mwenyewe. Nilishaamua."

"Mguu ungeharibika!"

"Ungeharibika, ni wangu. Yeye hajawahi kuniuliza nakaaje mle ndani, na wewe hukuniuliza wakati wa kunitoa. Tofauti yenu ni nini?"

Mtaa mzima unaujua mdomo wangu. Nilisema tu chai itapoa. Akasema nimpelekee mumewe, hajala tangu asubuhi. Nikaenda nikagonga mlango wa Profesa nikiwa na kikombe mkononi.