Kontena la kuwindia la baba mkwe, na neno moja lililokaribia kuninyima mke Koboko

Wakuu, salaam kwenu. Leo nimekaa na chai yangu ya tangawizi, mvua haikatiki, nikaona niwape kisa cha ujana wangu. Chumvi sitaongeza, chenyewe kinatosha.

Miaka ya sabini nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma Arua, Uganda, karakana yetu ilikuwa chini ya Arua Hill. Nilifanya kazi na Papa Yohana, seremala aliyetoka upande wa Zaire. Mimi Mnubi wa msikitini, yeye wa kanisani, lakini tulielewana kuliko ndugu.

Wakati huo nilikuwa nimemposa msichana aitwaye Zamu, wa Koboko.

Baba yake, Mzee Rajabu, alikuwa askari mstaafu aliyegeukia biashara, na kuwinda alikupenda kupita kiasi. Posa yangu hakuikataa wala hakuikubali. Alisema ataangalia kwanza mikono yangu inaweza nini.

Siku moja akaja na kontena. Lori lilikufa Oraba, mpakani na Sudan, mzigo ukahamishiwa lori jingine, wenyewe wakamuuzia sanduku tupu. Enzi hizo kontena kwetu lilikuwa kioja. Watu walikuja kuligongagonga tu wasikie linavyolia.

Mzee akaniambia, "Mimi nataka nyumba ya nyama. Lori ibebe, ishushe kwa pori, tukimaliza ibebe tena. Wewe iko fundi, tengeneza."

Akaondoka.

Sasa wakuu, mjue kwetu nyama ni ile ya sufuriani, na nyama ni mnyama mwenyewe anayetembea porini. Nyumba ya nyama ndiyo ipi? Nikaamua ni ya kutunzia nyama wakishawinda.

Papa Yohana akasita. "Uliza muzee kwanza. Mutu mwenye kuuliza hapotei."

"Nitauliza namna gani? Ule iko baba ya Zamu!"

Kwetu anayeposa hamrudishii mkwe swali. Akisema, unaitikia ndiyo, macho chini. Ukimuuliza amesema nini, ni kama umemwambia hajui kuongea. Na mimi Zamu nilimtaka mno.

Basi tukapiga kazi. Tulikata matundu ya hewa kwa gesi, tukayawekea wavu wa kuzuia nzi. Nikachomelea kulabu za nondo darini, za kutundikia nyama, safu kwa safu. Papa Yohana akapiga sakafu ya mbao yenye mteremko ili damu itiririke nje. Mlango tuliuacha na makomeo yake yaleyale ya nje, maana nyama haifungui mlango.

Kusema ukweli lilipendeza. Nililizunguka nikijisifu peke yangu kama mjinga.

Lori likalipeleka Lurujo, huko huko Koboko, kwenye shamba la mzee. Akaalika wazee wenzake waje walione kabla ya kwenda kuwinda. Walipofika, nikaona kila mmoja kabeba mkeka na mto.



Mzee akaingia. Akatazama juu, akatazama chini.

"Kitanda iko wapi?"

Kumbe nyama yake ilikuwa ile inayotembea porini: alitaka nyumba ya wawindaji kulala.

Mwenzake mmoja akashika kulabu, akacheka. "Rajabu, wewe utalala hapa juu? Na sisi wote tukiingia, nani atafunga mulango kwa nje? Simba?"

Wakaangua kicheko wote isipokuwa mzee. Aligeuka akanitazama. Mtu mzima kuchekwa mbele ya rika lake si jambo dogo. Nikajua mke sina tena, na niliumia wakuu, sitawaficha.

Zamu na shangazi yake walikuwa wametuletea chai. Zamu akatua sinia chini.

"Baba, wewe ulisema nyumba ya nyama. Hata kwa nyumbani ulituambia hivyo hivyo. Neno ya kulala hukusema."

Shangazi akamvuta kanga. Binti hasemi hivyo mbele ya wageni, tena kwa baba yake! Kicheko kikakatika pale pale.

Mzee akamtazama binti yake, kisha mimi, kisha binti yake tena. Akashusha pumzi.

"Huyu anaogopa kuuliza. Huyu hajui kunyamaza. Basi wakae pamoja."

Hiyo ndiyo ilikuwa posa kukubaliwa, wakuu. Nyingine sikupewa.

Kontena tulilirekebisha, vitanda vya kukunja ukutani na komeo la ndani. Matundu ya hewa wazee walitukataza kuyaziba, bati lile kwenye jua la kwetu lingewapika.

Nilichojifunza: adabu ni nzuri, lakini adabu ya kufunga mdomo inaweza kukunyang'anya kile kile unachokitafuta. Kuuliza si ujinga. Mimi hata hivyo sikuwahi kumuuliza mzee swali lolote mpaka anaingia kaburini. Zamu aliuliza yote, mimi nikaitikia ndiyo.

Haya, na nyie mliowahi kuumbuka ukweni kwa neno moja, uwanja ni wenu.