Makochi ya kuazima yalitufukuzisha nyumba

Nyinyi vijana mnaosoma hapa, mimi ni shosho wa mtu, nyanya mwenye mjukuu, na sitaki kuhurumiwa. Nilikosea. Nilikosea mimi, si mwenye ploti, si kanisa. Nisikilizeni kabla hamjafanya ujinga kama wangu.

Tulikuwa tunakaa chumba kimoja cha mabati hapa Majengo, Meru. Mimi, binti yangu Kendi na mtoto wake Mwende. Kendi hufulia watu nguo. Alianguka akavunjika mkono, kazi ikaisha, kodi ikalala. Mwenye ploti, aliyetupangisha hicho chumba, akaanza kutusalimia kwa ukali.

Kanisa letu lilikuwa na kamati ya kulipia kodi watu waliokwama. Kendi akaenda akajieleza, wakamwambia watakuja kuona tunavyoishi.

Kuona tunavyoishi! Woi! Hapo ndipo kichwa changu kiliharibika.

Mimi nimelelewa Kanyakine. Kwetu mgeni haingii nyumba tupu. Nikaenda kwa jirani, Mama Zainabu, nikaazima makochi na vitambaa vyake vyeupe. Nikaazima na thamosi. Jogoo aliyebaki nikamchinja.

Kendi akanitazama. "Mami, hawa wanakuja kuona shida, si kuleta mahari."

"Nyamaza! Wazee wa kanisa hawatakaa juu ya jerikeni nyumbani kwangu."

Wakaja. Wakala kuku na mukimo wa viazi vya kupondwa mpaka wakalegeza mishipi. Mwenyekiti akaegemea kochi, akauliza, "Sasa shosho, mna shida gani hasa?"

Nikajibu, "Shida ni za kila mtu. Sisi tunashukuru Mungu, tuko sawa."

Tuko sawa! Kendi akafungua mdomo, nikamkazia macho, akaufunga. Walipotoka nikawafungia ndizi, kwa sababu mgeni hatoki kwangu mikono mitupu. Wakaenda wakiniombea baraka.

Jumapili majina yakasomwa. Letu halikuwepo. Alisaidiwa yule mama wa chumba cha mwisho, ambaye mimi nilikuwa namsema kila siku eti hana aibu, analilia watu shida zake. Kumbe yeye ndiye alikuwa na akili!

Nikamfuata mwenyekiti nje ya kanisa. Akacheka kwa upole. "Shosho, mimi mwenyewe nimekaa kwenye kochi lako. Waachie wenye taabu."

Ningesema pale pale kwamba kochi si langu. Neno moja tu! Lakini wanawake wenzangu walikuwa wamesimama hapo, nami nikaona haya. Nikatengeneza kitambaa changu cha kichwa, nikaenda zangu. Hilo ndilo linaniuma kuliko jogoo, kuliko yote.

Wiki hiyo hiyo mwenye ploti akaja na fundi akang'oa mlango wetu. Akasema watu wakisikia, "Shosho, umeandalia kamati kuku, mimi nile mabati?" Majirani wakacheka. Mvua ikaingia mpaka kitandani.

Sasa tunalala stoo ya Mama Zainabu, katikati ya magunia ya makaa, na mume wake ameshaanza kuuliza tunatoka lini. Mwende alianza kukohoa kwa vumbi, nikampeleka kwa shangazi yake Embu. Shuleni haendi, anabeba mtoto wa huko mgongoni siku nzima. Hupiga simu akiuliza, "Shosho, mmepata nyumba? Nije?"

Nimjibu nini, jamani? Nimjibu nini!

Wewe kijana uliyekwama kodi, nenda kanisani, nenda kwa chifu, nenda kwa mzee wa mtaa. Wakija kwako, wakute nyumba vile ilivyo. Sufuria ikiwa tupu, iache tupu. Usiwapambie. Usiseme uko sawa. Na kama una mama mwenye kiburi kama mimi, siku hiyo mpeleke mahali akapige stori.

Jana Mwende alilia kwenye simu. Nilipokata nikamwita Kendi hapo kwenye magunia, nikamwambia, "Kesho tukishakunywa chai tunaenda kwa chifu. Wewe ndiye utaongea. Sema yote, ya mlango, ya makochi, ya mtoto. Na mimi nikianza kusema tuko sawa, niamuru nitoke nje, mbele ya watu wote."